Pesa ikiisha nyumbani, mtoto hujiuliza kama ni yeye

Mabenki ya Goma yalifunga milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na ya Bukavu yakafuata wiki chache baadaye. Mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa ofisi, hata mama mwenye akiba yake ndogo, wote walijikuta na pesa iliyoandikwa kwenye karatasi lakini haishikiki. Noti zilizobaki mikononi zilichakaa mpaka wauzaji sokoni wakaanza kuzikataa. Katika miezi hiyo hiyo kambi za wahami wa vita zilizozunguka mji, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilivunjwa ao kubaki tupu. Familia zilizokuwa zimekimbia Masisi na Rutshuru zikarudi kwenye vijiji ambako nyumba nyingi hazikuwepo tena, ao zikaingia kwa ndugu zao mjini.

Watu wazima wameongea mengi juu ya hali hiyo: bei ya unga, bei ya makala, deni la nyumba. Watoto wameongea kidogo sana. Wao wanaangalia. Wanaona mama anagawa sahani na kubakiza yake tupu, wanaona baba anakaa nje mpaka giza, wanasikia majina yanasomwa darasani. Na kwa sababu hakuna mtu anayewaeleza, wanajieleza wenyewe. Maelezo ya mtoto karibu kila mara yanaanzia kwake: nimekula sana, nimeomba kiatu, nimezaliwa vibaya.

Wengi husema kwamba shida ya namna hii haijaonekana. Imeonekana. Wazazi na mababu wa Kongo wamepita pesa kufa mikononi, kampuni kuanguka, mshahara kukatika kwa miaka. Kila mara mtoto aliumizwa na njaa, ndiyo, lakini aliumizwa pia na namna wakubwa walivyobeba njaa hiyo. Na mara kadhaa wakubwa walipata njia ya kumwondolea mzigo ambao haukuwa wake.

Mfuko wa posho

Ili kuelewa hasira ya baba asiye na kazi, ni vizuri kuanzia Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa ao kutoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili njia. Ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, azoee, azeeke kazini. Kwa hiyo ilianza kulisha nyumba nzima. Posho ilitolewa kwa kipimo: unga, mafuta, maharagwe, samaki ao nyama, na kipimo kilifuata hesabu ya watu nyumbani. Mtoto akizaliwa, mfuko unakuwa mzito kidogo. Kampuni ilijenga pia hospitali za uzazi na masomo, na wamisionari Wabenedikto wakafundisha watoto wa wafanyakazi.

Hayo hayakuwa mapendo. Kampuni ilitaka mikono yenye nguvu leo na mikono mingine kesho, na iliingilia mambo ya nyumba kuliko mzazi yeyote angekubali leo. Lakini kwa mtoto wa kambini jambo lilikuwa rahisi: baba anaenda, king'ora kinalia, posho inafika. Baada ya uhuru, kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, desturi iliendelea. Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walisema kwamba Gécamines ni baba na mama.

Halafu baba na mama huyo akaanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka, na mwaka 1994 kampuni ilitoa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 mpango uliogharamiwa na Banki ya Dunia uliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa jina la kuondoka kwa hiari. Walipewa pesa ya mara moja, na wengi waliikuta imekwisha kabla hawajapata kazi nyingine.

Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika juu ya familia hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2001. Ni kitabu cha Kifaransa, lakini kichwa chake kinaanza kwa maneno ya kwetu: Bana Shaba, na kinasema wameachwa na baba yao. Neno baba linasikika mara mbili hapo. Ni kampuni iliyoacha wafanyakazi, na ni mwanamume ambaye, kwa kukosa mfuko wa posho, hakujua tena asimame wapi nyumbani kwake.

Ndani ya nyumba mambo yaligeuka haraka. Wanawake ambao kampuni ilikuwa imewazoesha kungoja mshahara wa bwana walishika majembe, wakauza mboga, mikate, makala, maji ya baridi. Watoto nao wakatoka. Wengine waliuza barabarani, wengine waliingia kwenye mashimo kuchimba mawe ya madini pamoja na wakubwa. Siku mtoto wa miaka 12 anapoleta unga na baba hakuleta kitu, nani anamwambia nani alale mapema? Baba anayejiona amepokonywa kiti hupiga, ao hunyamaza, ao huenda kwenye pombe. Mtoto anaona hasira na hajui kwamba hasira hiyo ni ya kampuni. Anadhani ni yake.

Jambo hili si la Wakongo peke yao. Kule Marekani, uchumi ulipoanguka baada ya mwaka 1929, watafiti walifuata watoto 167 wa mji wa Oakland, waliozaliwa 1920 na 1921, mpaka wakawa watu wazima. Mwanasosholojia Glen Elder aliyaweka maisha yao katika kitabu cha mwaka 1974. Alikuta kwamba hasara ya pesa ilimfikia mtoto zaidi kwa kupitia wazazi: ugomvi wa nyumbani, baba mwenye hasira isiyotabirika. Alikuta pia kwamba vijana wengi waliopewa kazi yenye maana nyumbani, kazi ya kiasi chao, walikua wakijiamini. Oakland na Likasi ni mbali sana, lakini mama wa Likasi asingeshangazwa na habari hiyo.

Wakati pesa yenyewe ilikufa

Kuna shida nyingine ambayo vijana wa leo wanaisikia kama hadithi. Siku za Noeli za mwaka 1979 serkali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10, zile zenye thamani kubwa, hazitatumika tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Mwenye banki karibu alibanana kwenye mstari. Mkulima wa mbali, mwenye pesa ya mavuno ndani ya godoro ao ndani ya kopo lililozikwa, alibaki na karatasi. Ndani ya karatasi hizo mlikuwa na mahari, dawa, na pesa ya masomo ya watoto.

Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya zaidi. Mjini Kinshasa michezo ya pesa, ule wa Bindo Promotion ukijulikana kuliko mingine, ilimeza akiba za watu mwaka 1991. Mwezi wa tisa mwaka huo askari wakapora miji. Mwanzoni mwa 1993 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, wenye maduka wakaikataa, na askari waliokuwa wamelipwa nayo wakarudi kupora. Mwezi wa kumi mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na Kasai ikakataa kuitumia. Tarehe 30 mwezi wa sita 1998 franka ya Kongo ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtoto aliyezaliwa 1985 alikuwa amejifunza kuhesabu pesa za namna tatu kabla hajawa mtu mzima.

Lakini katika shida hiyo ya pesa kulikuwa na kitu kimoja kilichowasaidia watoto, hata kama hakuna aliyekipanga. Kilikuwa na jina, na kila mtu alilitaja. Jirani aliongea, mwalimu aliongea, padri ao mchungaji aliongea, radio iliongea. Mtoto aliona kwamba kwa rafiki yake pia hakuna mkate. Shida inayosemwa mchana mbele ya wote haimwambii mtoto kwamba nyumba yake imelaaniwa. Deni linalonong'onwa chumbani usiku ndilo humtafuna. Ndiyo maana kufungwa kwa mabenki mwaka 2025, jambo baya kabisa, kwa mtoto ni rahisi kueleza kuliko baba kupoteza kazi peke yake katika avenyu nzima. Mzazi anaweza kusema: pesa yetu iko, imefungiwa, hata ya jirani imefungiwa. Mtoto wa miaka 6 anaelewa maneno hayo.

Wasiolipa wasimame

Mahali ambapo mtoto wa Kongo amekutana na umaskini wa nyumbani kwao uso kwa uso ni mlango wa masomo. Serkali ilichukua shule zote za makanisa mwaka 1974, na mwaka 1977 ikayarudishia makanisa usimamizi kwa mkataba. Kupitia miaka ya 1980, pesa ya serkali kwa ajili ya elimu ilipungua mpaka mshahara wa mwalimu haukutosha hata sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma kwa muda mrefu. Ili madarasa yafunguliwe, makanisa na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wenyewe watamlipa mwalimu kitu cha kumtia moyo. Pesa hiyo ikaitwa prime.

Ilikuwa suluhisho la muda. Ilikaa zaidi ya miaka 25. Mwalimu alikula, shule hazikufa, na hilo si jambo dogo katika nchi iliyokuwa inaingia vitani. Lakini deni la wakubwa liliwekwa kichwani pa mtoto. Yeye ndiye aliyesimamishwa mbele ya wenzake. Yeye ndiye aliyerudishwa nyumbani saa mbili asubuhi na maneno ya kumwambia baba, na baba akamrudisha na maneno ya kumwambia direkta. Mtoto akawa mjumbe kati ya watu wazima wawili wasiotaka kuonana. Wengine waliona ni afadhali kuzurura sokoni mpaka saa sita, kisha kurudi nyumbani kama vile wametoka darasani. Mzazi aliyegundua alimpiga kwa uongo, na hakuuliza uongo umetoka wapi.

Si shule zote zilifanya hivyo. Vijijini wazazi wengi walilipa kwa maharagwe, mahindi, matofali ao siku za kazi kwenye shamba la mwalimu. Penye kamati ya wazazi yenye nguvu, deni lilijadiliwa kati ya mzazi na direkta, na mtoto akabaki kwenye benchi yake. Tofauti ilikuwa ndogo sana kwa mtazamo: mama kuamka mapema, kwenda mwenyewe, kusema nina kiasi fulani, kingine nitaleta mwezi kesho. Kwa mtoto tofauti hiyo ilikuwa ni kusoma ao kutosoma.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika artikle 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za serkali ni ya lazima na ya bure. Watu walingoja. Mwezi wa tisa 2019 serkali ya Rais Félix Tshisekedi ndipo iliamuru itekelezwe nchi nzima. Madarasa yakajaa kupita kiasi, walimu wengi walikuwa bado hawako kwenye orodha ya malipo, na shule ya sekondari inaendelea kulipiwa. Hata hivyo mamilioni ya watoto waliingia ao kurudi. Shida ya leo ni kwamba wazazi wengi waliozoea prime wanaendelea kuona aibu ya kuongea na direkta, hata mahali ambapo sheria iko upande wao.

Délestage ya chakula, na mtoto anayesingiziwa

Kinshasa ilitoa maneno mawili ambayo kila Mkongo anayajua. Gong unique, kengele moja, ni kula mara moja kwa siku. Délestage, neno la shirika la umeme linapokata mtaa huu na kuwasha ule, likawa kula kwa zamu: leo watoto, kesho wakubwa. Watu walicheka wakisema hivyo, na kicheko hicho kilisaidia. Familia iliyoweza kusema mbele ya watoto kwamba leo ni délestage ilikuwa imewaambia ukweli bila kuwatisha, na mtoto alijua zamu yake itafika.

Nyumba zingine hazikuwa na kicheko hicho. Zilitafuta mwenye kosa. Katika miaka ya 1990, Kinshasa, Mbuji-Mayi na miji mingine, watoto walianza kusingiziwa ulozi kwa wingi usioonekana mbele. Baba amepoteza kazi, biashara ya mama imekauka, ndugu amekufa kwa ugonjwa, na mtu fulani, mara nyingi mchungaji wa kanisa dogo la uamsho anayelipwa kwa maombi yake, anasema mlozi yuko ndani ya nyumba na ni mtoto. Wazee wa zamani walijua habari za ulozi, lakini waliwashuku zaidi wakubwa. Mtoto kuitwa mlozi aliyefunga pesa ya baba yake ni jambo lililokomaa pamoja na njaa ya miji na kuvunjika kwa jamaa.

Waliosingiziwa zaidi ni yatima, watoto wa kambo, wenye ulemavu, na wale walioletwa kulelewa kwa mjomba ao shangazi asiye na kitu. Hapo kuna jambo linalopaswa kusomwa pole pole. Alama walizoonyeshwa kuwa za ulozi zilikuwa hizi: mtoto anakojoa kitandani ingawa amekua, anaongea usingizini, anakula sana ao hali kabisa, anakaa peke yake, ni mkali, ni mkaidi, ana huzuni isiyoelezeka. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi na watoto wa vita anajua orodha hiyo kwa jina lingine. Ni orodha ya mtoto mwenye hofu. Mtoto alibeba wasiwasi wa nyumba mpaka mwili wake ukaanza kusema, na mwili uliposema, ukamfukuzisha.

Wengi walifungiwa siku nyingi makanisani bila kula, wakapigwa, kisha wakajikuta barabarani. Kinshasa huwaita shege. Goma na Bukavu huwaita maibobo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 juu ya watoto wa barabarani wa Kongo iliweka usingizio wa ulozi kati ya sababu kubwa zilizowatoa nyumbani. Katiba ya mwaka huo huo, artikle 41, inakataza wazi kumsingizia mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, artikle 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3 pamoja na faini. Ni nchi chache zilizolazimika kuandika jambo kama hilo ndani ya katiba. Mahakama hazijafunga wengi, lakini mzazi ao jirani anayetaka kumtetea mtoto ana karatasi ya serkali mkononi, na mkuu wa avenyu hawezi kusema kwamba ni mambo ya nyumbani.

Waliopata njia

Kwa upande mwingine wa historia hii wako watu ambao hakuna kitabu kilichowataja. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 volkano ya Nyiragongo iliteremsha moto mpaka katikati ya Goma. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakipita mpaka kwenda Gisenyi, na baada ya siku chache walianza kurudi mawe yakiwa bado na joto. Maduka yalikuwa yameungua, nyumba za watu maelfu zilikuwa chini ya lava. Waliojenga tena walijenga juu ya mawe hayo kwa mbao, na mji wa leo umesimama pale. Watoto walishiriki kusafisha kiwanja, kupanga mawe ya ukuta, kuchota maji. Waliona kwa macho yao jinsi nyumba inavyorudi ubao kwa ubao. Kazi ya namna hiyo, ya saa chache, karibu na mzazi, haifanani na mtoto kusukuma chukudu lenye mzigo mzito siku nzima, ao kutumwa peke yake kutafuta kuni katika mbuga ya Virunga, ambako wanawake na wasichana wengi wamebakwa.

Likelemba nayo ni ya zamani kuliko shida zote hizi. Watu kumi wanatoa kiasi kimoja kila wiki, na mmoja kwa zamu anachukua chote. Katika miaka ya karibuni Kivu imejaa vyama vya akiba vinavyoitwa AVEC: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na ndani yake mfuko mdogo wa kusaidiana wakati wa ugonjwa ao msiba. Vyama hivyo viliendelea hata ndani ya kambi za wahami. Faida ya pesa inajulikana. Faida nyingine husahaulika: mkutano hufanyika mchana, watoto wakizunguka pale, na mtoto anamsikia mama yake akisema kwa sauti kwamba wiki hii hana, na wenzake wanamjibu bila kumcheka. Pengine ni mara yake ya kwanza kuona kwamba kukosa pesa si aibu ya kufichwa.

Katika kambi za Kivu mashirika yalijenga pia nafasi za watoto, hema ao uwanja wenye mpira, ngoma, kuchora na mtu mzima anayesikiliza. Wazazi wengine walizidharau, wakasema mtoto hashibi mpira. Ni kweli, hashibi. Lakini mtoto anayechora kila siku saa ileile ana saa moja isiyotikisika katika siku ambayo yote mengine yanatikisika. Mahali ambapo nafasi hizo zimefungwa, mama zingine wameendelea na saa hiyo wenyewe: hadithi ya jioni, wimbo, kuoga kwa wakati uleule, hata kama chakula cha jioni ni uji mwepesi.

Familia zilizohama zina ugumu mmoja usiokuwemo katika nyumba ya mfanyakazi wa Likasi. Mtoto wa Masisi anajua shamba lilikuwa wapi. Anakumbuka ng'ombe kwa majina. Anapouliza kwa nini wanakula kwa shangazi na shangazi ananuna, akijibiwa nyamaza anaongeza sababu yake mwenyewe. Mtoto mdogo anahitaji maneno machache: tumeacha shamba kwa sababu ya bunduki, wewe hukufanya kitu, leo tutakula mara moja, kesho nitajaribu tena. Mwenye miaka 12 ao 13 anaweza kuambiwa hesabu: tuna vikombe vinane vya unga, tuko watu saba, tufanye namna gani? Yeye pia anaweza kutoa wazo, na wazo lake lifuatwe mara moja moja. Hahitaji kusikia kiasi chote cha deni, wala kutumwa mlangoni kumwambia mdai kwamba baba hayuko wakati baba yuko nyuma ya pazia.

Na ugomvi kati ya mwenye nyumba na mgeni huongelewa na wakubwa watoto wakiwa nje. Mabibi wengi wa Kivu wanajua hilo tangu vita vya 1996 na 1998, wakati nyumba moja ililaza familia tatu. Walipanga nani anapika siku gani, nani anatafuta maji, na sahani ya watoto ikawa moja kwa wote, wa nyumbani na wa wageni, ili pasiwe na mtoto wa kuhesabiwa matonge.

Mwezi wa tisa ukifika, foleni hutengenezwa tena mbele ya ofisi za shule za sekondari. Wengi wa waliosimama pale ni watoto wenyewe, wametumwa na karatasi. Hapa na pale anaonekana mzazi aliyekuja mwenyewe, kitenge kimefungwa vizuri, daftari la mtoto la mwaka uliopita mkononi, akingoja direkta amalize na wa mbele. Mtoto wake hayuko kwenye foleni. Amekwisha kuingia darasani.